Panzi wa Kandambili

Kandambili ya kijani, ya mguu wa kushoto,
niliiokota Shela maji yalipokupwa,
kisigino kimeliwa, chaza wamejishonea ukingoni.
Nikaiosha, nikaianika pamoja na kanzu.
Leo naikata kwa wembe,
kila kipande sawa na kokwa ya tende.
Kandambili moja, panzi arubaini,
mkono usipotetemeka.

Zamani nilishona kofia.
Tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya mweupe,
mpaka bwana harusi akayavaa macho yangu kichwani
akaenda nayo.
Siku hizi kofia zinashushwa gatini kwa marobota,
zimeshonwa na mashine isiyopiga chafya.
Sikulia. Nilinunua jiliwa.

Ndoana naibana hapo. Uzi naupaka nta.
Mizunguko sita, wa saba kwa ajili ya moyo wangu.
Nalaza mgongo, nakaza kiuno,
maana panzi asiye na kiuno ni kijiti.
Bawa ni unyoya wa kanga, ndege si nguo,
kanga wa Bi Khole, anayedai wanapukutika kwa husuda.
Miguu ni mpira wa kufungia noti,
nimeupiga fundo penye goti.
Gundi sina. Nina rangi ya kucha ya mke wangu,
ile nyekundu ya Idi: tone moja, kichwani.

Aliyeagiza anaitwa Njogu, wa Nyeri.
Mto unapita nyuma ya shamba lake,
na maji yake, asema, yanauma meno hata adhuhuri.
Humo mna samaki aitwaye trauti,
ana madoadoa, ana kiburi,
humtazama mdudu kama kadhi anavyomtazama shahidi.
“Nifanyie wakubwa,” aliandika.
“Panzi, nyenje, kereng’ende.
Upepo huwaangusha kutoka kwenye nyasi za ukingoni,
na trauti mzee hainuki kwa sababu ya mbu.”
Nikacheka peke yangu.
Hata hapa Langoni, mkubwa hainuki kwa sababu ya mbu.

Kisha akaongeza: wakishamvua
hulowesha mikono, humshika kidogo, humwachia.
Nilisoma mara mbili.
Nikamsomea mke wangu, akaacha kukuna nazi.
“Sasa wao wanakula nini?”

Bi Khole alikuja kudai manyoya yake.
Akawaona, kumi na wawili, kwenye kifuniko cha kopo la halua.
Mmoja alimgusa kwa ncha ya kidole,
akautoa mkono haraka, kama aliyeungua.
“Mwanangu, hayo mato yako huyaonei huruma?
Siku ya Kiyama utaambiwa:
haya, ulichokiumba, kitie roho.”
Nikasema hawa si viumbe, Bi,
ni ndoana zilizovishwa nguo.
Hakucheka. Wala mimi.

Neno lile nililalia, liko chini ya mto,
mto wangu wa usufi, si ule wa Njogu,
ingawa usiku ule nilisikia maji humo.
Kitie roho.
Mimi, ambaye hata saa ya ukutani nimeshindwa kuifufua.

Nikawatuma hivyo hivyo, mashua hadi Mokowe, kisha basi,
wamelala ndani ya pamba kama vipuli vya bibi harusi.

Wiki tatu kimya. Halafu picha:
panzi wangu kiganjani mwa mtu,
bawa limekwenda, mguu mmoja umebaki,
kichwa bado chekundu kama Idi.
“Kaliwa na mkubwa,” Njogu aliandika. “Tumemwachia.”

Nikamuuliza: kabla hajajua, alimshika kwa muda gani?
Akadhani nauliza habari za ndoana.
“Alipanda polepole, akafumba mdomo.
Hesabu moja mpaka nne.”

Nne.
Nimezihesabu kwa sauti hapa barazani,
polepole kama alivyopanda yule,
mpita njia akadhani nadai deni.

Bi Khole sijamwambia. Manyoya yake nalipa kwa samaki,
wa huku, wasioachiwa.
Na kila maji yakipwa nateremka Shela.
Ya mguu wa kulia bado naitafuta.